Maji Hayana Macho

Kisangani, 4 Machi 2024

Yaya Marceline,

Dada yangu mkubwa, karatasi hii ikukute mzima, wewe na mguu wako na kuku wako wote. Sisi huku tuko, Mungu anasaidia. Mvua imerudi, njia ya kushuka mtoni imekuwa utelezi mtupu. Wiki iliyopita mama mmoja wa jirani alianguka na beseni lake, samaki wakarudi kwao. Tulicheka kwanza, kisha tukamsaidia. Binti yetu Fortunée alipiga simu kutoka Kinshasa, anasema mjukuu ameota meno mawili na anauma kila mtu. Haya yote ningekuambia kwa simu, lakini masikio yako nayajua. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa, na wewe hukusikia hata neno moja.

Usiseme mwandiko wangu umekuwa wa kuku. Ni mkono wa kushoto unaoandika. Ule wa kuume bado unalala.

Ulisikia yaliyonipata mwezi wa kumi na moja. Maji yalikuwa juu, nikawa ninainua mtego pale kwenye maporomoko, penye miti ya baba tunayofunga majini kushikilia mitego, mti mmoja ukageuka ukanibana mkono juu ya jiwe. Wakanifunga plâtre ngumu ya hospitali ili mfupa uungane. Ilipotoka mwezi wa kwanza nikafikiri mambo yamekwisha, kumbe ndiyo yanaanza. Kifundo cha mkono kimekauka kama ubao. Vidole vinavimba. Siwezi kukunja ngumi, siwezi kukamua nguo, hata kifungo cha shati kinanishinda. Daktari akasema niende kwa kiné. Donc mimi, mtoto wa maporomoko, sasa ninapanda pikipiki mpaka Mangobo kwenda kunyooshwa viungo kama mchezaji wa mpira.

Kiné mwenyewe ni Mama Sandrine, mwanamke mfupi, hacheki ovyo. Anatumbukiza mkono wangu ndani ya maji ya moto yenye chumvi, kisha anashika hapa chini ya kiwiko na pale penye vidole, anakunja pole pole mpaka machozi yananitoka. Amenipa na kazi ya nyumbani. Nikande fufu iliyopoa kwa vidole, nifinye mpira wa matambara. Lakini kazi kubwa anasema siwezi kuifanya peke yangu. Lazima mtu wa nyumbani anikunje mkono asubuhi na jioni, la sivyo kifundo kitaganda hivyo hivyo mpaka kufa. Akaniuliza nani yuko nyumbani. Nikamjibu kwamba mke wangu yuko.

Bon, Aimée ananikunja. Anafanya vizuri. Anakusalimu sana, anauliza kama ule mguu wako umepona.

Maji yakishuka mwezi wa saba tutafunga miti upya. Sheria ya baba unaijua, mahali pale ni pa yule anayefunga fundo la kwanza. Nephtali, huyu ambaye miti yake inagusana na yetu, siku hizi ananiangalia mkono kabla hajaniangalia uso. Nisipofunga mimi, atafunga yeye, na miti ya baba itakuwa miti ya Nephtali. Niombee, yaya.

Niishie hapo, mkono wa kushoto nao umeanza kulalamika.

Mdogo wako,
Basile


Ubundu, 11 Aprili 2024

Leki wangu, mdogo wangu Basile,

Barua yako imenifikia inanuka mafuta. Yule motard, mwenye pikipiki uliyempa, alikwama njiani, mvua imekata barabara, na ameniambia alilala juu ya mzigo wake. Treni hatujaiona tangu Krismasi. Mama wa hapa wanaanika mihogo juu ya reli na hakuna anayewafukuza.

Mimi niko. Mguu umepona kabisa, asante, unakandwa vizuri. Kuku mmoja ameibiwa, yule mwekundu, na mwizi ninamjua, Jumapili aliniletea yai kwa aibu. Siku hizi ninakula vizuri pia. Hata padri alipopita hapa alisifu pondu, majani yetu ya mihogo, akaomba aongezewe. Zamani hakuomba.

Pole kwa mkono. Nilipoona ile herufi B yako imelala chali nilijua kabla sijasoma. Ninafurahi kusikia una mke mwema wa kukukunja asubuhi na jioni. Wanawake kama hao ni wachache, umshike vizuri. Hebu muulize, anaanzia wapi, chini ya kiwiko au penye vidole? Anakunja huku anasali au huku anaimba? Na mimi nataka kujua, uzee uko njiani, kesho utakuwa mkono wangu. Na umwambie aongeze mstari mmoja chini ya barua ijayo. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wako hata ulipokuwa na mikono miwili.

Juu ya sheria ya baba, wewe unaijua nusu. Wewe ulikuwa bado unanyonya mwaka ule baba alipopata homa siku ya kufunga. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Mama alishuka kwenye mawe, akashika ncha ya pili ya kamba, akaivuta, baba akafunga. Wazee waliona, hakuna aliyefungua mdomo. Fundo lilikuwa la baba. Ncha ya pili hakuna mtu aliyewahi kuulizwa nani aliishika, kwa sababu daima kuna mtu anayeishika.

Basi tafakari hilo. Mimi ninakwenda kula, chakula kiko tayari na sikukipika mimi.

Dada yako anayekupenda hata ukidanganya,
Marceline


Kisangani, 20 Mei 2024

Yaya,

Salamu zangu zikufikie. Jibu limechelewa kwa sababu hakukuwa na mtu wa kwenda huko, kisha alipopatikana mtu, mimi sikuwa na moyo. Huku tuko salama. Mto umejaa tena, unasikika mpaka ndani ya nyumba. Watoto wa Nephtali wanavua, ninawaangalia nikiwa juu ya jiwe langu. Wanainua mitego vibaya.

Aimée yuko sokoni, hakupata nafasi ya kuandika huo mstari. Sijui unataka nini na maswali yako, yaya. Anaanzia chini ya kiwiko.

Bon. Kuna jambo nimefanya, na nitakuambia mwenyewe kabla mtu hajakuletea. Aimée alikuwa amechoka, ana kazi nyingi, na mimi nikaona kwa nini nimsumbue mtu. Mto ndio ulionivunja, acha mto unitengeneze. Donc nikashuka pale pembeni ambapo maji si makali sana, nikafunga mkono juu ya kiwiko kwenye mti mmoja mdogo kwa kamba ya msituni, nikaachia kiganja ndani ya maji. Mkondo ukakikunja vizuri. Nakuambia kweli, siku ya kwanza nilifurahi. Ulikunja pole pole, kila wakati nguvu ile ile, hausemi, hauulizi. Nikawa ninashuka kila asubuhi. Watu wakapita, nikawaambia ninaloweka kamba.

Kisha siku moja, labda mvua ilinyesha kwenu huko juu, sijui. Mkondo ulikuja kwa ghafula, kamba haikutaka kufunguka kwa mkono mmoja. Nephtali ndiye aliyekuja kuikata na panga lake. Alirudi kwenye mitego yake, na mimi sikusema asante. Mkono ulivimba mpaka ngozi ikang'aa.

Mama Sandrine alipouona alikaa chini. Nilimweleza. Nilifikiri atapiga kelele, lakini alizungumza pole tu: “Papa Basile, mayi haina macho. Mutu anakunja mukono akiangalia sura yako. Sura ikikataa, anasimama. Mayi itakuona wapi?”

Kisha akasema nimlete mke wangu Ijumaa, amfundishe upya, inaonekana hakuelewa. Ijumaa nilikwenda peke yangu. Nikasema yuko sokoni. Hakuniuliza tena. Alinishika mkono, akakunja, akaniangalia usoni muda wote, na mimi nikaangalia dirisha.

Yaya, huyo mama ndiye mtu pekee anayenigusa tangu mwaka uanze. Siku za kwenda Mangobo ninazingoja tangu ninapotoka kule, na si kwa sababu ya mkono. Ninaoga, ninapaka mafuta, motard ananiuliza kama ninakwenda harusini.

Sijui kwa nini nimeandika hilo. Ningefuta, lakini karatasi imebaki hii moja.

Kaa vizuri,
Basile


Ubundu, 16 Juni 2024

Leki wangu,

Leo salamu ni fupi. Kuku wazima, mguu mzima, padri amekwenda likizo. Yametosha.

Aimée yuko hapa. Ninavyoandika ameketi mbele yangu, kwenye kiti cha marehemu mume wangu Isaïe, anamenya ndizi. Alifika mwezi wa kwanza nyuma ya pikipiki, vumbi mpaka ndani ya masikio, ana mfuko mmoja na ile sufuria yake kubwa. Akasema amekuja kunisalimu. Sikumuuliza kitu. Mtu wa kuja kusalimu hatembei na sufuria.

Barua yako ya kwanza nilimsomea. Unanijua, mimi nikisoma ninasoma kwa nguvu ili nijisikie, na majirani wote wakasikia kwamba Aimée ananyoosha mkono wa mume wake huko Kisangani, na kwamba anaulizia mguu wangu. Mguu ambao alikuwa ameukanda yeye mwenyewe asubuhi ile! Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Yale maswali yangu yote, kiwiko, vidole, nyimbo, tuliyatunga pamoja, tukikuchokoza. Tulikuwa tunangoja useme.

Barua ya pili hakucheka. Nilipofika pale penye mto alisimama, akaenda nyuma ya nyumba. Nikaendelea kusoma peke yangu mpaka kwa Mama Sandrine na dirisha lake. Jioni Aimée hakula.

Kesho yake ndipo nilimuuliza, na akanieleza. Anasema tangu ile plâtre ulimfukuza bila kumwambia ondoka. Ulikula ukigeukia ukuta, kwa mkono wa kushoto, wali ukimwagika. Alikuandalia shati safi, ukalala na lile chafu kwa sababu safi lilikuwa na vifungo. Alipotaka kukuosha vile vidole vilivyokuwa vinachungulia nje ya plâtre, ulivivuta, ukamwambia: “Mimi si maiti ya kuosha.” Akangoja uombe msamaha. Ukaomba kiberiti.

Basile, Basile. Sisi tulioosha maiti tunajua. Maiti haivuti mkono.

Nilimwambia labda ulikuwa na maumivu. Akanijibu neno moja tu: “Yaya, mutu anayekataa kushikwa, nitamushika wapi?”

Sasa na mimi niseme langu, kwa sababu nimekuchapa vya kutosha. Ningeweza kukuandikia mapema kwamba yuko hapa. Sikuandika. Nilijiambia ni kazi yako kusema kwanza, na hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Tangu Isaïe alipokufa nilikuwa ninazungumza na sufuria. Sasa ninaamka ninaona moto umewashwa. Sisikii vizuri anachosema, lakini ninaona mdomo wake unacheza, na hiyo inanitosha. Donc kila barua yako ilipokuja nilikuwa ninafungua huku ninaogopa kwamba safari hii umemwita. Nilishukuru ulipodanganya. Ndiyo, mimi dada yako.

Sitamwambia aende, wala sitamwambia abaki. Na wewe usimwite kwa simu ya jirani, wala usinitume mimi. Anasema atasikia neno moja tu, likitoka kwako, kwa mkono ule ule uliouvuta asikuoshe. Andika kwa mkono wa kuume, hata kama ni mistari ya mtoto wa shule ya kwanza.

Maji yanashuka huku. Kwako pia yanashuka. Ncha ya pili ya kamba inangoja mtu.

Marceline


Ubundu, 28 Julai 2024

Basile,

Umenyamaza. Mwezi umekwisha.

Kila pikipiki inayotoka kwenu, Aimée anatoka barabarani na ungo, anajifanya anapepeta mchele. Mchele huo umepepetwa mpaka hauna tena kitu cha kutoka. Jana alisuka nywele. Leo amezifumua.

Kama mkono unauma, mwambie Mama Sandrine akuandikie, angalau tujue uko hai. Mimi sina hasira. Nina woga tu.

Yaya wako


Kisangani, 2 Septemba 2024

Yaya Marceline,

Ninakusalimu, na ninaomba unisamehe kwa woga niliokupa. Mimi ni mzima. Mjukuu ameanza kutembea, Fortunée anasema anaangukia makalio na kujipigia makofi. Nyumba yetu imevuja kwenye kona ya jikoni, nimeziba na bati.

Barua yako ya mwezi wa sita niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na sikuingia ndani mpaka giza. Nilitaka kujibu kesho yake. Uliniambia mkono wa kuume. Nikakaa na kalamu, kalamu ikaanguka. Nikaanza tena, ikaanguka. Nikasema nitangoja kidogo mkono upate nguvu, nimwandikie barua nzuri, ndefu, asione mwandiko wa mgonjwa. Ndivyo nilivyopoteza mwezi wa saba. Kiburi ni kile kile, yaya, kimebadilisha shati tu.

Siku ya kufunga miti nilishuka. Watu wote walikuwapo. Nilishika kamba kwa kushoto, nikazungusha, nikaweka ncha ya pili ndani ya mkono wa kuume, nikavuta. Vidole vilijifunga nusu, vikaishia hapo. Kamba ikapita katikati yake. Nilijaribu tena na tena, na hakuna mtu aliyecheka, afadhali wangecheka. Nikamtafuta mtu wa kushika ncha. Wanaume wote walikuwa na miti yao, kila mmoja na mke wake au mtoto wake nyuma, na mimi nilikuwa peke yangu juu ya jiwe. Nilimkumbuka mama.

Nephtali alingoja. Nakuambia kweli, alingoja mpaka jua likawa juu ya kichwa, na wenzake walikuwa wanamsukuma. Mwisho nilimwambia mwenyewe afunge. Alifunga vizuri. Alikuwa na machozi, au ni maji ya mto, sikumwangalia sana. Miti ya baba ni yake sasa. Ananiletea samaki Jumamosi, anaweka mlangoni na kuondoka.

Kwa Mama Sandrine pia nimemaliza. Alipima, akakunja, akaniambia kifundo kimefika pale kitakapofika. Kingekunjwa nyumbani tangu mwezi wa kwanza, kingefika mbali zaidi. Sasa ninaweza kushika kikombe, ninaweza kuandika kidogo. Fundo sitafunga tena. Alinishika mkono mara ya mwisho na akauliza kama nina mtu. Safari hii sikusema sokoni. Nilimwambia hapana. Akauacha mkono wangu ndani ya wake muda kidogo, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Donc hayo ndiyo. Nimengoja mpaka sina tena sababu hata moja ya kumwita mtu.

Yaya, ninajua ninachokuomba. Ninajua Aimée akiondoka, moto utawashwa na nani. Nimewaza juu yako kuliko unavyofikiri, nikaona kama ukitaka kuchana karatasi ya pili, hii niliyomwandikia yeye, sitakulaumu, na sitajua. Lakini kama hutaichana, usiisome. Wewe ukisoma, Ubundu nzima inasikia. Mpe tu, asome mwenyewe.

Nyumba ina vyumba viwili, na bati kwenye kona limeshika. Na wewe ukichoka kuzungumza na sufuria, njoo nayo.

Basile


Aimée,

Huu ni mkono wa kuume. Unaona unavyotetemeka.

Miti imekwenda kwa Nephtali. Kiné imekwisha, hakuna tena cha kukunja. Sina kazi ya kukupa.

Njoo unishike hivyo hivyo. Sitageukia ukuta.

Basile